Umefika Ukurasa wa Ngapi? Mwongozo Kamili wa Kujua Wasomaji wa Mtaani Wanapenda Nini Vitabuni

Barazani kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma, kuna kabati la mbao lenye rafu tatu. Lilianza na vitabu 27 nilivyobaki navyo baada ya kustaafu ualimu, miaka sita iliyopita. Sasa vimepita 150. Wanaovichukua ni majirani: mama ntilie, dereva wa bajaji, fundi cherehani, mtumishi wa wizara aliyehamia kutoka Dar es Salaam, wanafunzi wa chuo, na babu mmoja mfugaji anayekuja kwa baiskeli.

Mwaka wa kwanza kila kitabu kiliporudi niliuliza, "Ulikipenda?" Kila mtu alijibu, "Kizuri sana, mwalimu." Mwaka mzima sikuwa na kitabu kibaya hata kimoja! Lakini vingine vilirudi na ile karatasi yangu ya alama ikiwa palepale nilipoiweka, ukurasa wa 9. Watu wetu wana adabu, hawamwambii mwenye kitu kwamba kitu chake hakikuwafaa. Siku nilipobadilisha swali nikauliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?", ndipo nilipoanza kuwajua wasomaji wangu.

Nayaandika haya kwa mwenye kikundi cha kusoma, mwalimu anayechagua vitabu vya shule, muuza vitabu, na kwa mwandishi anayejiuliza kwa nini kitabu chake kinasifiwa na hakisomwi.

Hatua ya 1: Kusanya vitabu vichache, vya aina nyingi

Vitabu 30 vinatosha kuanza. Nusu viwe vya hadithi: riwaya, hadithi fupi, tamthilia moja au mbili. Nusu viwe vya maarifa: ufugaji, kilimo, biashara ndogo, afya, malezi, historia, wasifu wa watu. Usijaze vitabu vya kiada. Mtu mzima akiona kitabu cha kiada anakumbuka mtihani, anarudisha mkono nyuma.

Uliza watumishi wanaohama nyumba. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 kuna mtu anahama kila mwezi, na vitabu ni vizito kubeba. Pitia pia wauzaji wa vitabu vya mtumba. Halafu nenda Maktaba ya Mkoa, hata kama huna nia ya kuazima. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, kwa hiyo wakutubi wetu wana uzoefu wa miaka mingi wa kutazama watu wakichagua. Ukiwa pale fungua vitabu nyuma, penye ile karatasi ya kugongwa tarehe. Kitabu chenye mihuri iliyojaa kimekuambia kitu ambacho jalada lake haliwezi kukuambia.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: usitoe kopi kitabu kizima ili ukipe kikundi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo mno kwa nakala moja hata tuanze kumnyima hicho.

Kabati liweke kivulini, mbali kidogo na ukuta, miguu yake ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari. Mchwa wa Dodoma hawachagui riwaya wala katiba. Upepo wa Juni mpaka Agosti huleta vumbi jekundu, kwa hiyo pazia la kanga mbele ya kabati ni lazima.

Hatua ya 2: Fungua daftari

Nunua kaunta buku moja, piga mistari kwa rula, upate safu tano: kitabu, siku kilipotoka, siku kiliporudi, ukurasa aliofikia, na maneno aliyosema. Jina la mtu usiliandike, weka herufi moja tu, kwa sababu anachosoma mtu ni siri yake. Kuna mama aliazima kitabu cha ndoa akakirudisha kimefungwa kwenye gazeti. Nisingependa jirani yake afunue daftari langu akakiona.

Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani. Andika maneno yake kama yalivyotoka kinywani. Hizi ni baadhi ya zangu:

"Nilikiacha kwa sababu kila mtu humo ana hasira."

"Ugali uliungua, nilikuwa nasoma."

"Anajua mambo mengi ila hanipi nafasi."

"Nimemsomea mume wangu, sasa ananidai sura inayofuata."

Ugali ulioungua ni sifa kubwa kuliko nyota tano. Hayo ya kunyimwa nafasi ilinichukua muda kuyaelewa. Alimaanisha mwandishi anamweleza kila kitu, hata huzuni ya mhusika anaieleza mara tatu, msomaji hana la kuwaza mwenyewe.

Hatua ya 3: Uliza maswali yasiyoomba sifa

Badala ya kuuliza alikipenda au la, uliza haya: Umefika wapi? Ulisoma wapi, kitandani au kazini? Kuna mahali ulirudia? Kuna mahali uliruka? Ulimsimulia nani?

Swali la kuruka usilionee aibu. Mwanzoni watu hukana, wanadhani kuruka kurasa ni dhambi. Mimi huanza kwa kukiri: "Mimi mwenyewe niliruka ile sura ya maelezo ya jumba." Hapo ndimi hufunguka. Dereva wa bajaji aliniletea riwaya moja jioni, tukaongea hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimerudisha."

"Marahaba, mwanangu. Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Kulikoni hapo?"

"Huyu jamaa anaendesha basi kutoka Dodoma kwenda Singida, eti amepita Gairo. Mwalimu, Gairo iko njia ya Morogoro! Ya Singida unapita Bahi, unapita Manyoni. Dereva kapotea njia na hajui, mimi nikashuka."

Niliandika yote. Ningemuuliza kama alikipenda, angesema kizuri sana.

Hatua ya 4: Tafuta mlango wa kila msomaji

Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle nchini Marekani, anafundisha kwamba msomaji huingia kitabuni kupitia mojawapo ya milango minne: kisa, wahusika, mahali, au lugha. Nimeujaribu mpango huu barazani kwangu na unafanya kazi vizuri ajabu, ukijua namna ya kuuliza.

Mwambie mtu akusimulie hadithi yoyote aliyowahi kuipenda, hata ya redioni, hata aliyosimuliwa na bibi yake. Sikiliza anaanzia wapi. Akianza na "Basi siku moja usiku mlango ukagongwa," mlango wake ni kisa, mpe upelelezi. Akianza na "Kulikuwa na mama mmoja, mkali huyo!" mpe riwaya ya familia. Akikueleza kwanza kijiji kilivyokuwa, mto, na harufu ya mvua, mpe kitabu kinachomhamisha. Na yupo yule anayeikariri sentensi kama ilivyosemwa. Mpe mashairi, au nathari ya mtu anayeijua lugha. Hawa ni wachache, lakini ndio wanaorudia kitabu mara tatu.

Usichanganye milango na elimu. Mtumishi mwenye shahada mbili anataka kisa tu, akitoka ofisini amechoka. Mama anayeuza ubuyu, aliyeishia darasa la saba, mlango wake ni lugha. Alinisomea kwa sauti aya moja ya bahari, naye bahari hajawahi kuiona.

Hatua ya 5: Jua wanachothamini kwenye hadithi

Nimelipitia daftari mwanzo mpaka mwisho. Haya ndiyo yanayorudi.

La kwanza ni ukweli wa vitu vidogo. Mtu anaweza kukubali jini, mzimu, na fisi anayeongea, asikubali mbuyu uliojaa majani mwezi Agosti. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi, na kila mtu wa Bahi au Kongwa anaujua ukiwa uchi. Mwandishi akikosea hapo, msomaji anajiuliza amekosea wapi kwingine. Babu mfugaji aliwahi kunionyesha kwa kidole mstari ambao mhusika anakula mlenda kwa uma. Hakusema neno, alifunga kitabu.

Lakini usidhani wanataka habari za kwao tu. Riwaya iliyosomwa kuliko zote mwaka jana ni ya kutafsiriwa, ya nchi ya theluji, majina hata kuyatamka ni kazi. Fundi cherehani aliimaliza kwa siku nne. Nikamuuliza nini kilimshika. Akasema, "Yule mama mkwe anavyohesabu vijiko vya sukari. Mwalimu, huyo namjua." Theluji hajaiona, ila mama mkwe huyo anaishi naye.

La pili, mhusika anayeamua. Hapa ndipo vitabu vingi vinapoangukia. Msichana anaonewa sura ya kwanza, ya pili, ya tano, na hajafanya lolote. Wasomaji wangu, hasa wanawake, hawachoshwi na mateso, wanachoshwa na mhusika anayekaa tu. Hata akiamua vibaya, akatoroka usiku na mtu asiyefaa, wanamfuata mpaka mwisho wakimkemea.

La tatu ni mazungumzo. Wahusika wote wakiongea kama taarifa ya habari, kitabu kinarudi mapema. Bibi wa kijijini hasemi kama afisa wa wizara, na kijana wa stendi hasemi kama mchungaji. Msomaji wa Dodoma anasikia mchanganyiko wa watu kila siku sokoni Majengo, Mgogo, Mrangi, Mnyaturu, Mchaga, Mhaya, kila mmoja na Kiswahili chake, kwa hiyo sikio lake ni kali. Jaribio rahisi: soma ukurasa wa mazungumzo kwa sauti bila kutaja nani kasema. Wanaokusikiliza wakiweza kutofautisha watu, hicho nunua.

Mwisho wa hadithi una mzozo wake. Nilidhani watu wanataka mwisho wa furaha. Daftari linanikatalia. Vitabu vitatu vilivyoliza watu ndivyo vinavyoombwa zaidi. Wasichosamehe ni kudanganywa: muuaji anayejitokeza ukurasa wa mwisho na hatujawahi kumwona, ajali inayowaondoa wote mwandishi alipochoka, au kisa kuachwa kinaning'inia. Fundi wangu alikiita kitabu cha namna hiyo gauni lisilokunjwa pindo.

Sura fupi wanazipenda sana. Sababu ni ya maisha tu: mtu anasoma akisubiri abiria au maharage yaive, na anataka mahali pa kusimama. Ucheshi pia unabeba kitabu mbali.

Kuhusu mambo ya faragha, maoni yamegawanyika, kwa hiyo vitabu hivyo nimeviweka rafu ya juu na nasema mapema kilichomo. Hakuna aliyelalamika tangu nianze kufanya hivyo.

Hatua ya 6: Jua wanachothamini kwenye vitabu vya maarifa

Hapa msomaji ana haraka. Mkutubi mmoja Mhindi, S. R. Ranganathan, aliandika mwaka 1931 sheria tano za ukutubi, na ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Ningeibandika ukutani kwa kila mwandishi wa vitabu vya maarifa.

Fundisha wasomaji wako jaribio la ukurasa unaoujua. Mtu achukue kitabu cha jambo analolifahamu kidogo, afungue penye kitu ambacho ana uhakika nacho, aone mwandishi amesemaje. Babu mfugaji hufanya hivi bila kufundishwa. Nilimpa vitabu viwili vya kuku wa kienyeji. Hakuanza ukurasa wa kwanza, alitafuta penye kuatamia. Cha kwanza kilisema mayai huanguliwa "baada ya muda unaofaa". Akakiweka chini. Cha pili kilisema siku 21. Akatikisa kichwa kukubali, akafungua penye mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, akakuta imeandikwa tone moja la chanjo jichoni, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Akasema, "Huyu amefuga," akaondoka nacho. Alikaa nacho miezi miwili, kilirudi na unyoya mmoja kati ya kurasa.

Maneno hayo, huyu amefuga, yanajumlisha mengi. Msomaji wa kawaida hatafuti vyeti vya mwandishi. Anatafuta dalili kwamba mikono yake imewahi kuchafuka. Dalili hizo ni namba zenye kipimo, makosa ambayo mwandishi anakiri aliyafanya, na vitu ambavyo asiyefanya kazi hiyo hawezi kuvijua.

Mfano wa pili ni wa akina mama wa kikoba. Walisoma pamoja vitabu vitatu vya biashara. Viwili vilikuwa na hadithi za matajiri wakubwa na maneno ya kutia moyo, vikaishia kurasa za mwanzo. Cha tatu kilikuwa chembamba, karatasi mbaya, lakini kilichukua biashara ya maandazi kikaihesabu mstari kwa mstari: unga, sukari, mafuta, hamira, na kisha mkaa. Mama mmoja akapiga kofi pajani: "Kinahesabu na mkaa!" Miaka yote alikuwa haujumlishi mkaa wala muda wake, akishangaa faida inakwenda wapi. Kitabu hicho sasa ni cha nne kuombwa katika kabati zima.

Kwa hiyo ukichagua kitabu cha maarifa, fanya hivi kwa dakika tano. Angalia yaliyomo mbele: vichwa vya sura vinakuambia utapata nini? Angalia mwaka wa kuchapwa, hasa kwa afya, kodi na sheria, maana kitabu cha kodi cha miaka 15 iliyopita kinaweza kumletea mtu hasara. Fungua katikati utafute mfano. Kama kurasa kumi zimepita bila mtu, mahali wala namba, kirudishe. Kisha angalia mifano inatoka wapi. Mkulima wa zabibu wa hapa anavuna mara mbili kwa mwaka. Kitabu kinachomfundisha kwa majira manne ya Ulaya kinampa kazi ya kutafsiri mizabibu pamoja na maneno.

Historia na wasifu husomwa kama riwaya, nazo hupimwa kwa vipimo vya riwaya. Wazee wa Kongwa wanapenda sana lolote linalogusa mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, kwa sababu wanataka kulinganisha na waliyoyasikia kwa wazazi wao. Wakikuta kosa wanafurahi zaidi, wana la kuongea wiki nzima.

Hatua ya 7: Pima kitabu kama kitu

Nililidharau hili muda mrefu. Wengi waliovuka miaka 45 wanaacha kitabu kwa sababu ya herufi ndogo, na wanaona aibu kusema. Nunua miwani miwili mitatu ya kusomea, ining'inize kabatini. Fungua kitabu katikati ukiweke mezani: kama kinajifunga chenyewe, anayesoma huku anachambua mchicha hatakiweza. Kitabu kinene hakisafiri kwenye daladala, hivyo kwa anayeanza, usivuke kurasa 150.

Hatua ya 8: Kaeni mara moja kwa mwezi

Watu sita mpaka kumi, saa moja na nusu, chai na karanga. Kila mtu asome kwa sauti nusu ukurasa aliourudia, aseme kwa nini, basi. Asiyemaliza aongee kwanza, asije akanyamazishwa na waliomaliza.

Fuata majira. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na miezi hiyo watu wako shambani. Azimisha hadithi fupi, usiite kikao kirefu. Riwaya nene zitoe kuanzia Juni, baada ya mavuno, usiku ukiwa mrefu na baridi.

Hatua ya 9: Ruhusu watu kuacha

Pearl huyohuyo ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndicho idadi ya kurasa. Mimi nina miaka 66, nakipa kurasa 34. Nilipoitangaza kanuni hii, uazimaji uliongezeka, kwa sababu mtu hakai tena na kitabu miezi mitatu akikikwepa na kunikwepa mimi njiani.

Anayeacha usimpe kitabu kinachofanana na alichoacha. Rudi kwenye safu ya mwisho ya daftari, soma alichosema, badilisha mlango. Dereva wangu aliyeshuka Gairo nilimpa riwaya ya mwandishi anayezijua barabara. Aliirudisha siku ya tatu akiomba ya pili.

Hatua ya 10: Angalia kinachochakaa

Kila Desemba toa vitabu vyote nje, pangusa vumbi, vipange kwa uchakavu. Vilivyo vipya baada ya miaka miwili vigawe kwingine, huenda wasomaji wake wako mtaa mwingine. Vilivyolegea mgongo ndivyo vya kununulia nakala ya pili.

Vilivyolegea vitengeneze. Achana na selotepu, ndani ya mwaka inageuka njano na kung'oa karatasi. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ipitishe kwa kijiti kwenye uti wa kitabu palipoachana, futa inayozidi kwa kitambaa chenye unyevu, weka karatasi ya nailoni kila upande ili visishikane, kandamiza kwa matofali mawili mpaka kesho yake. Kile cha maandazi nimekigundisha mara tatu, na ukurasa wa mkaa una doa la mafuta ambalo nimeliacha lilivyo.